Chuma Hakisahau Mafuta

Juzi mwenye nyumba ninayopanga hapa Arusha alileta mafundi wapake geti rangi. Nilikuwa mezani naandika, dirisha liko wazi, na harufu ya thina ikaingia bila kubisha hodi. Mnaijua harufu ile. Ni kali mwanzoni, ina utamu kidogo mwishoni, na inakukamata kooni kabla pua haijaamua kama inaipenda. Nilifunga dirisha, lakini harufu ilikuwa imeshaingia, nikawa nimejifungia nayo ndani.

Wenzangu tunaokutana Jumamosi kusomeana tunachoandika huniuliza mbona kila mtu yumo kwenye hadithi zangu isipokuwa baba. Huwa nacheka, nawaambia zamu yake bado. Ninyi nawaambia kweli. Nilikuwa naogopa.

Baba yangu alikuwa fundi wa rangi kwenye gereji moja Karatu mjini, nyuma ya barabara kuu wanakopita watalii kwenda kreta ya Ngorongoro. Watu walimwita Fundi Bura. Mama alibaki shambani Endabash na wadogo zangu. Mimi niliishi mjini na baba, chumba kimoja, kwa sababu ya shule. Nilikuwa na miaka tisa. Baba aliniita Aayo, yaani mama kwa Kiiraqw, kwa kuwa nilirithi jina la mama yake, na akiniita hivyo mbele za watu nilinyoosha shingo kama twiga.

Mwezi wa saba wa mwaka ule ukungu ulishuka kutoka msitu wa kreta ukasahau njia ya kurudi. Asubuhi ulisikia ng'ombe kabla hujawaona. Mabati yalidondosha maji bila mvua kunyesha, udongo mwekundu ukanata kwenye viatu mpaka vikawa vizito kama mawe. Rangi haipendi hali kama hiyo. Lakini ndipo Mama Ndosi alipoleta kagari kake.

Mama Ndosi alikuwa na magari matano ya kubeba watalii, na hako kagari kafupi ka milango miwili, kanakovuta kwa magurudumu yote manne, alikaendesha mwenyewe kwenda Mang'ola kwenye kambi yake karibu na ziwa Eyasi. Vumbi la kule lina magadi, na magadi yanatafuna chuma taratibu kama mchwa anavyotafuna mlango. Injini ilikuwa imeota magamba ya kutu. Aliitaka ishushwe, isafishwe mpaka chuma kitupu, ipakwe rangi itakayovumilia joto na vumbi lile.

Bwana Tluway, mwenye gereji, alimwita baba pembeni kwenye pipa la maji. Sauti yake haikwenda pembeni.

"Bura, ule mlango uliopaka kijani wakati gari ni kaki sijausahau."

"Najua, bosi."

"Hii injini ikishika rangi, magari yote matano ya mama utapaka wewe. Isiposhika, ndugu yangu, mimi sitakuwa na la kukutetea."

Baba akaitikia kwa kichwa. Shabani, fundi wa breki kutoka Singida, ambaye hakuweza kupitwa na neno, akapaza sauti kutoka chini ya lori: "Fundi Bura, safari hii nikusomee kopo, au utalionja mwenyewe?"

"Wanaoonja kila kitu ni nyie wa Singida," baba akamjibu. "Ndiyo maana kuku wenu hawazeeki."

Gereji nzima ikacheka. Baba pia alicheka, ila mkono wake ulikuwa umeng'ang'ania ukingo wa lile pipa.

Ninyi mnaosoma mmeshaelewa. Macho ya baba yalikuwa yanazimika, na gereji ilikuwa imeanza kunusa. Mimi sikuelewa. Nilijua tu kwamba tangu mwaka ule uanze, baba alipenda kutembea akiwa ameniwekea mkono begani, kutoka gereji hadi nyumbani, na wasichana wa mtaani ambao baba zao hawakuwashika hata kidole walinionea wivu. Nilijua pia kwamba alikuwa ameanza kunifundisha kazi. Kila nikitoka shule alikuwa na swali. Ananyoosha makopo mawili: "Aayo, la kijivu ni lipi?" Anagusa bomba: "Hapa kutu imekwisha?" Nilijibu haraka haraka, kama darasani, nikisubiri aseme vizuri. Wala sikushangaa. Mwalimu wetu wa hesabu naye aliuliza kila siku nane mara saba ni ngapi, na hakuna aliyedhani hajui.

Kazi ile ilichukua wiki nzima. Kwanza injini ilioshwa kwa sabuni ya unga na maji ya moto, kisha petroli, kisha sabuni tena. Baba alikwangua kutu kwa brashi ya waya, akapitisha msasa, na kwenye kona ambako mkono hauingii akatumia mswaki wa zamani. Matundu yote aliyaziba kwa matambara. Alifanya kazi ameinamisha kichwa upande mmoja, kama anayesikiliza, na vidole vilitangulia kila mahali kabla ya kifaa. Alikuwa na misemo yake. "Rangi nyembamba mbili huishi, nene moja hufa." Na ule alioupenda kuliko yote: "Chuma hakisahau mafuta." Alimaanisha kwamba tone moja tu la mafuta likibaki, hata kama la zamani kuliko wewe, rangi italikataa. Itakaa juu yake siku mbili tatu, halafu itabanduka na kuondoka na jirani zake.

Jumamosi ukungu ulipungua kidogo, jua likaonekana kama sahani ya bati. Baba akasema leo ndiyo leo. Alimwaga maji sakafuni ili vumbi lisiruke, akatandika gunia chini ya injini, iliyokuwa imelala juu ya mbao mbili na matofali. Akanipa tochi.

"Aayo, lala chali uingie chini. Umulike pale nyuma ya pampu ya maji. Niambie kama pamekauka, au kuna pahali panang'aa mafuta."

Sasa niwaambie kuhusu sweta. Mama alikuwa ameuza madebe mawili ya maharage akanitumia sweta mpya ya shule, ya buluu, na ingawa ilikuwa Jumamosi nilikuwa nimeivaa ili nionekane. Nililitazama lile gunia. Maji yalikuwa yameshalilowesha, mekundu kama chai ya rangi. Baridi ilikuwa inauma. Nikajiambia, baba si anajua? Amepasugua mwenyewe, jibu analo, anataka tu kuona kama nami ninalo. Nilichuchumaa, nikawasha tochi, nikamulika magurudumu ya lori la Shabani, nikahesabu mpaka kumi. Nikasimama.

"Pasafi, baba."

"Una hakika?"

"Pasafi kabisa."

Akanivuta karibu. Mkono wake ukapita mgongoni mwangu, polepole, kutoka bega hadi kiunoni, ukarudi juu. Nilidhani ananipongeza. Kisha akasimama, uso ameuelekeza mlangoni kwenye mwanga. Nilipomwuliza kama nimlete brashi alisema ngoja. Alichukua ule mswaki, akauchovya petroli, akapiga magoti kwenye maji, akasugua tena pale chini kwa kubahatisha, akafuta kwa kitambaa, akasugua tena. Nikaona anapoteza muda. Mwishowe akasema, "Haya, lete."

Rangi ya chini aliipaka nyembamba kama umande. Kisha kijivu mara mbili, akisubiri kila mara ikauke. Jioni aliwasha majiko mawili ya mkaa akayaweka pembeni, akaizungushia injini mabati ili joto liingie na kuikomaza rangi. Ilipopoa ilikuwa nzuri, niamini. Hata Shabani alikuja, akaigusa kwa kucha, akasema, "Mzee, juu ya hii unaweza kupakua ugali." Tulirudi nyumbani mkono wake ukiwa begani kwangu, na njia nzima hakuniuliza kitu.

Kagari kalikwenda Mang'ola kakarudi baada ya wiki tatu. Nilikuwa nimekaa juu ya tairi nakula kashata Mama Ndosi alipofungua boneti. Hakupiga kelele. Alimwita Bwana Tluway, akaonyesha kwa kidole kimoja. Nyuma ya pampu ya maji rangi ilikuwa imejikunja kama ganda la kiazi kilichochemshwa, ikaendelea kubanduka kuelekea ubavuni, upana wa viganja viwili. Chini yake chuma kilikuwa cheusi kwa mafuta, na pembeni kutu changa, nyekundu.

"Bura," Bwana Tluway akasema, "hapa ulikagua?"

Kashata iliganda mdomoni mwangu. Nilijua sasa atasema. Ni haki yake kusema, binti yangu ndiye aliyekagua, muulizeni.

"Nilikagua," baba akasema. "Kosa ni langu."

Shabani aliokota kitambaa akafuta mikono iliyokuwa safi.

Mwisho wa mwezi tulihama. Baba alirudi Endabash, mimi nikapelekwa kwa shangazi niendelee na shule. Miaka miwili baadaye macho yalizima kabisa. Hospitali walisema tungewahi ingesaidia. Niliporudi likizo na kumkuta anapapasa kuta za nyumba aliyoijenga mwenyewe, ndipo maswali yale yote yalinirudia, makopo, bomba, gunia, moja baada ya jingine, na nikaelewa kwamba katika gereji ile hakuwahi kunipa mtihani hata mmoja. Sikusema. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, kisha kumi na mitano, kisha nikawa mtu mzima anayeandika hadithi za watu wengine.

Baada ya harufu ya geti nilipanda basi kwenda Endabash. Nilimkuta baba uani, amekaa kwenye kigoda, anapukuchua mahindi. Alitambua hatua zangu kabla sijafika kwenye michongoma. Nikakaa chini karibu naye, nikamwambia yote: sweta, gunia, tochi niliyoielekeza kwingine. Hakuacha kupukuchua.

"Nilijua," akasema. "Nilikugusa mgongo. Ulikuwa mkavu."

"Mbona hukunirudisha chini, baba? Rangi ulikuwa hujaipaka."

"Ningekurudisha ungeniuliza kwa nini siingii mwenyewe. Ningekujibu nini?" Akapapasa, akaokota hindi jingine. "Ulikuwa unanitazama kama mtu anayejua kila kitu, Aayo. Nikasema labda itashika. Rangi nayo wakati mwingine ina huruma."

Upepo wa baridi ulipita uani ukaviringisha maganda ya mahindi. Alipigana nisijue, akalipa kwa kazi yake, na mimi nilidhani ninaokoa sweta. Ile sweta ilinibana mwaka uliofuata, tukampa mdogo wangu.

Kisha baba akaninyooshea gunzi alilokuwa ameshika.

"Hebu tazama. Punje zimekwisha?"

Nililichukua kwa mikono miwili. Nililigeuza mstari kwa mstari, toka kichwani hadi mkiani, sikuruka hata mmoja.

"Bado mbili, baba," nikasema, nikakishika kidole chake nikakipeleka zilipo.