Ralanti Darajani

Gari letu lilikuwa na ugonjwa mmoja tu: halikuweza kusimama likiwa hai. Likitembea, lilitembea. Ukiondoa mguu kwenye pedali ya mafuta, moteri ilitetemeka kama mtu mwenye malaria, ikakohoa mara mbili, ikafa. Mafundi wa Kamembe, mji wetu wa mpakani, huuita mngurumo wa gari lililosimama ralanti, na wote walikubaliana kwamba sisi ralanti hatuna.

Lilikuwa gari la baba. Yeye tulimzika Bukavu, ng'ambo ya mpaka, kisha tukarudi nchini kwetu vita vya huku vilipokwisha na vya kule havijaanza. Kutoka uani kwetu mama aliweza kuona, ng'ambo ya maji, kilima alikolazwa. Miguu yake ilikuwa imevimba, hata kanisani hafiki. Alitaka kitu kimoja: kusimama kwenye lile kaburi kabla hajafa. Bila gari, asingefika.

Mimi nilisoma falsafa chuo kikuu, kwa hiyo nilianza kutafuta sababu. Nilikuwa na kitabu cha ufundi cha Kifaransa, cha gari la aina nyingine. Nilipuliza kile kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli ya ralanti mpaka midomo ikachubuka. Nilibadilisha buji, zile plagi za kuwashia. Kisha nikashuku kwamba hewa inajipenyeza chini ya kabureta, nikamwagia petroli kidogo pale nione kama mngurumo utabadilika. Ulibadilika, na nyusi zangu zikaungua. Fundi jirani, mwenye gereji nyuma ya soko, alikata gasketi mpya kwenye boksi la biskuti. Ralanti ikaja, ikakaa muda wa kikombe cha chai, ikaondoka.

"Professa," akaniambia, "hii gari haipendi kungoja. Weye unataka ingoje nini?"

Ukweli ni kwamba Rusizi, wilaya yetu, inayadekeza magari mabovu. Kila mahali ni mteremko. Unalilaza gari pua ikitazama chini, asubuhi unaachia breki, linabingirika, unatia gia, linawaka. Kwa miaka mingi nilijidhania dereva.

Tatizo lilikuwa mpakani. Pale askari anakutaka ushuke na makaratasi yako. Sasa nani akanyage mafuta?

"Papa, nitakanyaga mimi," mama alisema. Aliniita Papa, kama akina mama wa Bukavu wanavyowaita wana wao na wanaume wengine wote. Akaipitisha fimbo yake kutoka kiti cha abiria mpaka kwenye pedali, moteri ikanguruma kama jenereta ya baa, naye akacheka mpaka akashika mbavu. Tulifanya mazoezi uani wiki nzima.

Siku yenyewe alivaa kitenge chake kizuri, maua ya uani yakiwa mapajani. Kizuizi cha huku tulipita salama: mimi nje na makaratasi, yeye ndani na fimbo. Tukateremka darajani, tukafika karibu na mwisho wake.

"Shuka, Papa," askari wa kule akasema. Nikashuka. Akatazama kiti changu kitupu, akasikiliza mngurumo. "Nani anakanyaga?"

"Mama yangu."

Akainama dirishani. "Maman, hiyo fimbo ni ya nini?"

"Ni mguu wangu."

"Mguu gani unaingia kwa moteri? Leta hapa." Akaivuta.

Moteri ikatetemeka. Ikakohoa mara mbili.

Nikajaribu ufunguo, betri ikatoa mlio mmoja. "Tunaomba mutusukume kidogo, itawaka kwa mteremko," nikasema.

"Mteremko uko wapi?"

Nikatazama mbele: mlima. Nikatazama nyuma: mlima. Barabara za nchi zote mbili huteremka hadi daraja lile, na zote mbili huishia hapo. Nimelitazama daraja hilo tangu utotoni, na sikuwahi kuwaza hilo.

Nyuma yetu wanawake wenye mizigo walikuwa wamejaa. "Papa, ondoa hilo sanduku la maiti! Tomati zetu zinaoza!"

"Daraja ni moja," askari akasema. "Rudisha kwenu."

"Kwetu ni huko," mama akasema, akinyoosha kidole mbele.

Askari akacheka, si kwa ubaya. "Kama ni kwenu, Maman, ungekuja na miguu."

Wanawake wakatua mizigo, wakatusukuma kinyumenyume, kwanza darajani, kisha mlimani, wakitutukana njia nzima. Mimi niligeuza shingo kutazama tunakorudi. Mama alibaki ametazama mbele, Bukavu ikimwondokea kidogo kidogo, maua bado mapajani.

Fimbo ilibaki kwa askari. Kati yetu sote, ni yenyewe tu iliyofika.

Nilimchongea nyingine ya mkaratusi, hakuishika. Safari hakuitaja tena. Mimi niliendelea kulifungua gari kila Jumamosi, maana sikujua kitu kingine cha kumfanyia. Nililiwasha, nikaondoa mguu, nikasubiri. Kila lilipozima nilisikia, ndani ya nyumba, kiti chake kikisogezwa mbali na dirisha linalotazama ng'ambo.