Baba Aliyekufa Kila Jumatano

Kwa miaka kumi na moja, baba yake Redio alikufa kila Jumatano, yapata saa tano asubuhi, kwenye kona ya mto. Alhamisi jioni Redio aliwarudisha wageni mjini, akaenda nyumbani, na kumkuta marehemu ameketi mlangoni anaziba pancha ya baiskeli ya jirani.

Redio ni jina alilopewa na madereva wenzake, maana akishashika maikrofoni hazimiki. Aliendesha basi dogo la wageni kumi na wawili, safari ya siku nne, kuufuata mto kutoka mjini hadi kwenye vilima vya mizabibu na kurudi. Njia ile ni nzuri, tusidanganyane. Mto unakunjuka upande mmoja, mizabibu imepandwa ngazi kwa ngazi upande wa pili, na kila baada ya saa mbili kuna mahali pa kuonja mvinyo. Ila pale kwenye kona hapana cha kuona: kipande cha sakafu ya zege iliyopasuka na nguzo ya chuma yenye kutu. Kwa kuwa abiria huhitaji kunyoosha miguu, kila dereva alilazimika kusimama pale, na ukisimamisha gari mahali pasipo na kitu, huna budi kusema kitu. Kila mmoja alikuwa na kisa chake cha kona.

Katika safari yake ya kwanza, mgeni aliuliza nguzo ile ya nini. Redio akaeleza kwamba ilishika waya wa kivuko, enzi zile daraja halijajengwa. Siku moja kivuko kikapinduka. Mvushaji akarudi majini mara nne kuokoa abiria, na mara ya tano hakurudi.

"Ulimjua?" mgeni akauliza.

Ulimi hauna mfupa. "Alikuwa baba yangu," Redio akasema.

Mama mmoja akafuta machozi, mzee mmoja akamshika mkono. Redio alikuwa hajawahi kupewa heshima na mtu kwa ajili ya baba yake. Siku ile alipewa, akaionja, akanogewa.

Ukweli ulikuwa hivi. Aliyerudi majini na kufa alikuwa mkata tiketi. Mvushaji, yaani baba yake, ndiye aliyefika ukingoni wa kwanza, akaikumbatia ile nguzo hadi watu wakaja kumbandua vidole kimoja kimoja. Mbele ya wakubwa waliokuja kuchunguza ajali alisema neno moja tu: niliogopa. Akaachishwa kazi, na mwanawe akamaliza shule nzima akiitwa mtoto wa mwoga.

Sasa, kampuni ilikuwa na utaratibu wake. Safari ya mwisho ya msimu, kiti kikibaki wazi, dereva aliruhusiwa kuja na ndugu mmoja. Miaka kumi Redio alikuwa na sababu: mara viti vimejaa, mara mgongo wa mzee haustahimili. Mwaka huu karani wa ofisi, mwanamke mwenye roho nzuri na mdomo mwepesi, akapiga simu nyumbani mwenyewe. Jumatatu alfajiri mzee alikuwa amesimama kando ya basi, shati limepigwa pasi mpaka mikono ina makali.

"Baba, umekuja?"

"Nisije? Nimealikwa na ofisi. Ningekusubiri wewe ningezikwa kwanza."

Redio akacheka kicheko cha kulazimisha. Na kwa kuwa mikosi haiji mmoja mmoja, miongoni mwa wageni alikuwamo nesi mstaafu aliyesafiri naye mwaka jana, akalia sana pale kwenye kona, na sasa amerudi na maua kwenye ndoo ndogo.

"Na yule mzee anayepanga mizigo?" nesi akauliza. "Mmefanana!"

"Ni baba mdogo," Redio akasema haraka.

"Mdogo wake marehemu! Jamani."

Kufikia mchana basi zima lilikuwa linamwita mzee Baba Mdogo. Mzee alimvuta mwanawe pembeni. "Mbona naitwa baba mdogo? Nimenywea lini?"

"Wamekosea tu, baba. Waache."

"Haya. Safari ya bure mtu hachagui jina."

Mzee alifurahi siku mbili zile kama mtu aliyefunguliwa kifungo. Jumanne, kwenye chumba cha kuonjea, walimfundisha kuzungusha mvinyo kwenye glasi, kuunusa, kuusukutua na kuutema ndooni. Akautazama mvinyo, akaitazama ndoo, akameza. "Mama yangu aliniachia onyo moja tu," akawaambia, "nisitemee vya watu." Wageni walicheka mpaka wakashika mbavu. Jioni akamwambia mwanawe, "Sikujua kazi yako ina maneno mazuri namna hii. Nilidhani unaendesha tu. Nimejivunia."

Redio akainamisha kichwa. Angetukanwa ingekuwa nafuu. Papo hapo akaamua kwamba Jumatano watapita barabara ya juu, kona wasiione kabisa.

"Jamani," akatangaza asubuhi, "barabara ya chini imeharibiwa na mvua. Leo tunapita juu."

"Haiwezekani," nesi akasema. "Na maua haya nimeyabeba tangu mjini?"

Kutoka kiti cha nyuma kabisa ikaja sauti ya mzee. "Barabara ya chini ni nzima. Jana nimemuuliza mlinzi wa hoteli. Kuna mahali nataka kupaona, sijafika miaka thelathini."

Wakapita chini.

Pale kwenye kona Redio alikataa kuongea, akasema koo linamwasha. Basi nesi akawasimulia wageni wapya yeye mwenyewe, neno kwa neno, na pale Redio alipozoea kunyamaza ili watu wameze mate, naye akanyamaza. Mvushaji mmoja. Mara nne. Mara ya tano. Baba yake dereva wetu huyu. Mzee alisikiliza akiwa ameshika chupa yake ya maji, hajaifungua. Redio alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Na mkata tiketi?" mzee akauliza.

"Mkata tiketi yupi, Baba Mdogo?"

"Si kila kivuko kina mkata tiketi?"

Nesi akamgeukia Redio. Redio alikuwa amechuchumaa anakagua tairi lisilo na tatizo lolote. Nesi akaona huyu kashikwa na uchungu, akaacha, akamkabidhi mzee maua. "Weka wewe. Ni kaka yako."

Mzee hakuyaweka kwenye nguzo. Aliteremka hadi maji yanapogusa zege, akayalaza pale, akasimama muda mrefu. Wageni wawili wakampiga picha kwa nyuma.

Mchana wageni waliingia kwenye kiwanda cha mvinyo. Dereva haonji, kwa hiyo Redio alibaki uani akifuta vioo. Mzee naye akabaki.

"Kwa hiyo nilikufa," mzee akasema.

"Baba, nisamehe."

"Kuniua mimi, sikulaumu. Zipo siku nilitamani mwenyewe iwe hivyo." Akaegemea basi. "Lakini kifo kile si chetu. Yule mkata tiketi alikuwa na mke na mtoto wa kunyonya. Hakuwaachia kitu kingine. Umewaibia hicho hicho, kila wiki, kwa maikrofoni."

Kitambaa kilimdondoka Redio. "Nitawaambia."

"Lini?"

"Kesho njiani. Nakuahidi."

"Haya."

Alhamisi Redio alishika maikrofoni mapema. Akaeleza bwawa la umeme. Akaeleza kwa nini zabibu za mteremkoni ni tamu kuliko za bondeni. Akapiga ule mzaha wake wa mbuzi aliyelewa, watu wakacheka. Kila alipotaka kuanza jambo lenyewe, alikiona kwenye kioo kichwa cheupe cha mzee kiti cha nyuma, na mdomo ukamgeukia habari za hali ya hewa. Ilipobaki saa moja kufika mjini, mzee akainuka. Akaja mbele polepole, akishika migongo ya viti, akanyoosha mkono.

"Lete."

Redio akampa.

"Samahanini," mzee akasema, na spika ikapiga mluzi. "Mimi si baba mdogo wa mtu. Yule mvushaji ni mimi, na sikufa. Aliyerudi majini mara nne alikuwa mkata tiketi wangu, kijana wa miaka ishirini na sita, na hata kuogelea alikuwa hajui vizuri. Mimi nilishika nguzo. Niliogopa. Maua ya jana nimempa yeye, kwa hiyo hayakupotea bure."

Kisha nesi akaja mbele, macho mekundu, akamtazama dereva kwanza, kisha mzee.

"Na mwanao? Alijua?"

"Alikuwa mtoto," mzee akasema, hata hakupumua. "Sisi watu wazima ndio tuliomdanganya hivyo. Yeye msimlaumu."

Nesi akaweka mkono begani kwa Redio. "Maskini. Pole, dereva. Pole sana."

Redio alikuwa amefunguliwa mlango, na ili apite alihitaji kukaa kimya tu. Mkono ule ulikuwa na joto. Basi likapita kona ya kwanza, likapita ya pili, na aibu ikampanda kutoka tumboni hadi masikioni mpaka usukani ukalowa jasho.

"Nilijua, mama," akasema. Bila maikrofoni, lakini basi lilikuwa kimya na wote walisikia. "Nilijua tangu siku ya kwanza. Kuhusu mimi, mzee anawadanganya."

Mkono ukabaki begani kidogo, kisha ukaondoka.

Mzee alikuwa bado amesimama, ameshika chuma cha mlangoni. "Haya," akasema. "Tazama barabara, mwanangu."