Siku Niliyokosea kwa Makusudi

Baba yangu alitoka nyumbani Mkolani asubuhi wakati nasuuza vyombo uani, na ilipofika saa tano hajarudi nikajua amepotea. Mwaka ule kumbukumbu zilikuwa zimeanza kumtoka. Tukagawana mimi na dada yangu: yeye akaelekea Butimba kwa miguu, anauliza duka kwa duka, mimi nikapanda mlimani mpaka zahanati. Hakuna aliyemwona. Ndipo nikaandika kwenye jukwaa la wakazi, lile la kwenye simu ambalo nusu ya mji hushinda humo, nikaweka picha yake na namba yangu.

Niliandika kwa kidole kimoja huku natembea. "Mzee wangu ametoloka nyumbani, amevaa koti la kahawia, harafu anachechemea mguu wa kushoto. Atakayemuona anijurishe." Sisi wa huku ulimi wetu haujali sana r na l, na siku hiyo kidole kilifuata ulimi.

Dakika tano hazijaisha, majibu kumi na moja. Nikafungua mbio. "Ni halafu, siyo harafu." Wa pili: "Kwanza mzee hatoroki, anapotea. Anayetoroka ni mfungwa." Mmoja aliyejiita mwalimu mstaafu akanipa somo zima kuhusu kujulisha. Mwingine akamwambia mwalimu naye kasahau mkato, wakaanza kushikana mashati wao kwa wao. Kuhusu baba yangu, hata mmoja.

Nilichukia, jamani. Kazi yangu mimi ni kuchapa barua za watu kwenye duka la steshenari, mwaka wa kumi na tisa sasa, na hakuna mteja aliyewahi kunirudishia karatasi. Nikaandika tusi, tusi la haja, nikalifuta. Kisha nikasahihisha tangazo lote, neno kwa neno, likanyooka. Nikangoja. Walipokosa cha kukosoa wakahamia kwingine, na ndani ya nusu saa uzi wangu, yaani tangazo na majibu yake, ulikuwa umezama huko chini, juu yake watu wanauza vifaranga na makochi.

Hapo ndipo nilipoelewa jukwaa lile linavyokwenda. Uzi unaojibiwa hupanda juu, usiojibiwa huzama, basi. Nikasema sawa, mnataka makosa, nitawapa mpaka mshibe.

Nikaandika: "Bado hajaonekana mzee wetu, tunaendelea kumtafta Mkorani yote." Wakarudi kama kuku waliomwagiwa mtama. Kila baada ya dakika ishirini nikawa natupia kosa jipya, na chini yake nabandika picha ile ile. Mwalimu mstaafu akauliza nilisomea shule gani, maana anataka kuwapa pole walimu wangu. Watu wakacheka, wakaitana, uzi ukakaa juu kabisa.

Dada akanipigia. "Una akili kweli wewe? Unauaibisha ukoo mzima."

"Wewe endelea kuuliza huko," nikamjibu. "Aibu nitaibeba mwenyewe."

Na niliibeba. Nisiwadanganye, iliniuma. Wateja wangu wengine wamo humo humo jukwaani, na jina langu waliliona. Mara mbili nilitaka kuandika kwamba nafanya makusudi, nikajizuia, maana wangeondoka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Niliinama hivyo hivyo mpaka alasiri, natembea kichochoro kwa kichochoro nikiuliza watu, nikisimama tu kuharibu sentensi nyingine.

Saa tisa simu ikaita. Mwanamke nisiyemfahamu, anauza chai stendi ya Nyegezi.

"Dada, mimi nilikuja kusoma ugomvi tu," akasema. "Wenzangu wameniambia kuna uzi unachekesha. Sasa naiona hii picha, na huyu mzee amekaa kwenye benchi langu tangu asubuhi. Anasema anasubiri basi la kwenda kwa mama yake."

Bibi yangu alifariki mimi sijazaliwa. Nilichukua bodaboda, nikamwambia dereva akimbize. Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno ya kumsema baba, kwamba hatoki tena peke yake, kwamba ametutesa, kwamba kuanzia leo geti linafungwa kwa kufuli.

Nilimkuta ameshika kikombe cha chai, mzima, hana hata mchubuko. Nikamshukuru yule mama, nikasogea mbele ya baba nimwamkie kama ninavyomwamkia kila siku. Akaniwahi. Aliweka kikombe chini, akainuka kwa taabu, akaniinamishia kichwa.

"Shikamoo, mama," akasema. "Nimekusubiri sana."

Yale maneno yote niliyoyapanga njiani nikayameza.

"Marahaba, mwanangu," nikamwitikia. "Twende nyumbani."

Akanipa mkono, tukaondoka.