Punda Aliyeogopa Salamu

Magoti yangu yalipokataa kupanda mlima kutoka kisimani na dumu kichwani, binti yangu alinipigia simu kutoka Dar akasema, "Mama, funga nyumba uje ukae na sisi." Nikamjibu kwamba nitanunua punda. Alicheka, kisha akasema huyo punda akishindwa kazi, yeye mwenyewe atakuja kunichukua. Tukakubaliana hivyo. Kaburi la mume wangu liko nyuma ya migomba, hapa hapa Makere, na sikuwa na nia ya kuliachia majani.

Punda nilimpata kwa mfanyabiashara aliyetoka naye Kahama. Alikuwa na makovu mgongoni. Bwana mifugo alipomwona alinishauri nisimguse kwa fimbo: akifanya jema hata dogo, nimpe kitu kitamu pale pale, akikataa, nisubiri. Basi nikawa natembea na vipande vya viazi vitamu mfukoni. Akivumilia gunia mgongoni, kiazi. Akivumilia madumu matupu, kiazi. Majirani walipita wakinicheka, "Asante ya punda ni mateke, mama." Niliwaacha waseme. Kuna siku alikataa kutwa nzima, nami nikakaa kwenye kigoda nikimtazama, nikila viazi vyake.

Siku ya kwanza tulipofika kisimani, wanawake waliokuwepo walifanya kama tunavyofanya Waha wote tukimsalimia mtu mzima: waliinama wakapiga makofi taratibu, "Mwidiwe." Punda aliruka, akatupa madumu, akakimbilia kwenye shamba la mihogo la watu. Nikaelewa. Huko alikotoka, makofi yalikuwa yanatangulia fimbo.

Niliwaomba wasitupigie makofi. Wakakubali, lakini njiani kila mtu anasalimia, na huwezi kuomba njia nzima. Nikaanza kwenda mchana wa jua kali, wakati kisima hakina mtu. Punda akatulia, maji yakafika nyumbani. Subira huvuta heri, wanasema. Yangu ilivuta maji tu. Wiki zikapita bila mtu kunisalimia kama mtu anavyosalimiwa. Aliyeniona kwa mbali alikata kona, ama kwa kunihurumia, ama kwa kudhani naringa. Jioni nilisonga ugali wa mtu mmoja, nikala nikisikiliza redio ya jirani. Nilikuwa mpweke kuliko siku za matanga, maana matanga yana watu. Nikaanza kujiuliza nimebaki huku kwa ajili ya nini, na kule Dar wajukuu wapo.

Ndipo nikaamua kumfundisha salamu. Kofi moja laini, kiazi. Alirudi nyuma mpaka kamba ikakaza. Kesho yake tena. Alipokuwa ameanza kuzoea, upepo ukabamiza mlango wa jikoni, tukarudi mwanzo kabisa, na siku hiyo nililia kwa hasira. Lakini kila asubuhi nilitoka uani nikainama mbele ya punda, nikampigia makofi kwa heshima zote, na hiyo ndiyo ilikuwa salamu yangu pekee ya siku. Mwishowe akawa akisikia makofi anasogea na kunusa mfuko wangu.

Asubuhi moja nikampeleka kisimani saa ya watu. Wanawake walituona tukishuka. Waliweka madumu chini, wakakunja mikono kifuani, kimya. Walikuwa bado wanakumbuka ombi langu. Punda akasimamisha masikio, akawa anawatazama mmoja mmoja.

"Pigeni tu," nikawaambia.

Walitazamana. Yule mkubwa wao akainama, akapiga, na wengine wakafuata. Punda hakuruka. Aligeuka akaingiza pua mfukoni mwangu kudai chake, na nilichelewa kumpa, kwa sababu mikono yangu yote miwili ilikuwa inaitikia.