Anwani Ishirini Zinatosha

Chekeni tu jamani, nimeshazoea, maana mpaka leo nikipita kwenye korido na laptop yangu wenzangu wananiuliza, "Mtaalamu, zimebaki ngapi?" na sina pa kuuficha uso.

Mimi ndiye mtu wa kompyuta kwenye chama kimoja cha wakulima hapa Sumbawanga. Tulikuwa tumeletewa fayawoli mpya, kile kiboksi cha kulinda mtandao, na saa moja asubuhi nikakipa kazi ya kugawa anwani za IP chenyewe, yaani kila kompyuta au simu ikiingia inapewa namba yake bila mimi kuzunguka meza kwa meza (uvivu tu, nakiri). Kikaniuliza kigawe ngapi. Ningeweza kuandika mia mbili, wala hakidai kitu, lakini nikajitia mwerevu: ofisi nzima tuna kompyuta kumi na mbili, basi ishirini zinatosha. Kila moja ishikwe kwa muda gani? Siku nane. Nikazima laptop, nikaenda kunywa chai huku najisifu.

Sasa siku hiyohiyo, saa mbili na nusu, Leokadia, karani wetu wa kibarua, alikuwa na usaili wa video na makao makuu. Miaka mitatu anasubiri ajira ya kudumu. Kasuka, kaazima koti la dada yake, na tangu juzi ananiambia, "Kaka, nakutegemea wewe tu."

Nikiwa naelekea kwenye chai nikakuta ukumbi umejaa wakulima wanaosubiri kuandikishwa mbolea, wamejikunyata kwa ile baridi yetu, na mtandao wa simu umekata mji mzima. Mzee Desideri wa Mpui akaniita.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Eti hapa kuna waifai?"

Mtu mzima nitamnyimaje? Nikampa paswedi. Naye akampa jirani, jirani akampa mkewe, basi ikatembea benchi hadi benchi.

Kurudi, Leokadia ananisubiri mlangoni. "Kaka, mbona inazunguka tu?" Nikawasha laptop yangu niongeze idadi, nayo haipati anwani! Anwani zote ishirini zilikuwa ukumbini, kwenye mifuko ya makoti, na kompyuta za ofisini, zilizowashwa baadaye, hazikupata hata moja. (Ndiyo, najua, ningeweza kuiandikia laptop anwani kwa mkono. Nililikumbuka hilo wakati wa chakula cha mchana.)

Nikakimbilia ukumbini, nikapanda juu ya kiti. "Wazee wangu, nawaomba mzime waifai!" Watu wema wale, wakazima, lakini wapi, si mimi mwenyewe niliyeagiza kila simu ishike yake siku nane, hata ikizimwa? Leokadia akaanza kutokwa na machozi, na mimi roho ikaniuma kwelikweli.

Mzee Desideri peke yake hakuzima, alikuwa anaangalia video ya harusi. Nikamwomba simu.

"Simu yangu haitoki mkononi," akasema. "Binti, njoo ukae hapa."

Basi usaili ukafanyikia kwenye benchi, mzee kashika simu, na mimi bado niko juu ya kiti. Wakubwa wakauliza, "Utamhudumiaje mteja mwenye hasira?" Kabla Leokadia hajafungua mdomo, mzee akajigeuzia simu usoni.

"Huyu ananihudumia mwaka wa tatu, hajawahi kuninunia. Wasiwasi wetu ni yule pale wa mitambo," akanielekezea kamera. Ukumbi ukapiga makofi, nikatamani ardhi ipasuke.

Kazi alipata, na nilifurahi mpaka nikamkumbatia. Jumatatu iliyofuata alianza kama mwajiriwa kamili, na barua ya kwanza aliyopewa achape ilikuwa ya onyo, yangu. Akaniletea kwa mikono miwili, kwa heshima zote, huku anang'ata mdomo asicheke. "Kaka, saini hapa chini."

Nikasaini. Tangu hapo, kabla sijagusa mtandao wowote, naenda kwanza ukumbini nikawahesabu walio kwenye benchi.