Paa Lililojitafutia Kuta

Tulipohamia kijiji kipya cha ujamaa, huku kwetu Handeni kwenye kiu ya mwaka mzima, kila mtu alianza nyumba kwa miti na udongo. Mashavu alianza na paa. Alikuwa mjane asiye na mtu wa kumjengea, na urithi wake wote ulikuwa mabati yenye matundu ya misumari, yaliyoezekwa kwenye kibanda cha duka la marehemu mumewe kule Kilole, Korogwe.

Shemeji yake, Semboja, alikuwa amemhifadhi jikoni, pamoja na moshi na mbuzi.

"Niuzie hayo mabati, shemeji," alimwambia. "Masika yakiisha hujajenga, kiwanja ulichogawiwa atapewa mwingine. Wewe jiko unalo."

Lakini jikoni watu huingia tu, na Mashavu alitaka mlango wake mwenyewe, ambao mtu akija atabisha hodi. Akaziba matundu kwa lami, akasimamisha nguzo, akapigilia mabati yote yainamie upande mmoja, chini akapanga mapipa. Ukuta hakuna. Kijiji kilicheka mpaka kikachoka. Semboja akaiita nyumba ya popo.

Mvua ikanyesha. Maji ya paa la nyasi yana rangi ya chai, na lambo letu tulichangia na ng'ombe. Maji ya Mashavu yalikuwa meupe, ukiona unatamani. Wanawake wakaja na ndoo.

"Hela sitaki," akasema. "Ndoo moja ya maji, karai moja la udongo ukutani."

Wakaguna, lakini kiu haina aibu. Waliokuja na fito walichota, waliokandika walichota. Kuta zikapanda, na mimi hadi leo nafurahi nikikumbuka mwanamke aliyejengewa nyumba na mvua.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Mke wa Semboja alijifungua, mtoto akahitaji maji safi, na Semboja akaja na ndoo, macho chini. Mashavu akamjazia. Semboja alipogeuka kuondoka ndipo Mashavu akamwambia, "Kuta zimekwisha, shemeji. Umebaki mlango."

Kesho yake Semboja alikatiza kijiji na mlango wa jiko lake kichwani, mbuzi nyuma yake. Akaupachika. Mashavu akaingia, akajifungia.

"Hodi," akaita Semboja.

Mashavu hakujibu. Alitaka kuisikia tena.