Motokaa Aliyoikataa Mama

Mume wangu aliondoka Shinyanga na kundi la ng'ombe wa kuuza mgodini Geita, akarudi na motokaa. Miaka michache tu ilikuwa imepita tangu vita ya pili iishe. Mzungu mmoja wa mgodini alikuwa anarudi kwao, na motokaa yake kubwa, ambayo yeye mwenyewe aliipata kwa Mzungu mwingine aliyemtangulia, hakuweza kuondoka nayo. Mume wangu akajitolea kumpunguzia mzigo. Hivyo ndivyo alivyonieleza, akiwa amesimama uani na suti yake imejaa vumbi, kana kwamba yeye ndiye aliyetoa msaada.

Dereva wa yule Mzungu alimfundisha kwa siku tatu. Siku ya kwanza walijifunza kuwasha, ya pili kwenda mbele, na ya tatu kusimama. Kurudi nyuma hawakufika. Kwa miezi kadhaa mume wangu akipita nyumba ya mtu aliyekusudia kumtembelea, ilimbidi azunguke soko zima ndipo aifikie tena. Watu wakadhani anajionyesha. Kusema kweli, na hilo lilikuwamo.

Sitajifanya kwamba sikuipenda. Ilikuwa nyeusi, ndefu, na viti vyake vya ngozi vilitoa harufu ambayo mpaka leo nikiisikia dukani nasimama. Mbele kulikuwa na mbao zilizong'arishwa, na katikati ya kiti cha nyuma mlikuwa na mto wa kuegemeza mkono, unauvuta chini ukiutaka, unausukuma ndani ukimaliza. Niliuvuta na kuusukuma njia nzima tulipokwenda kuwatembelea wakwe zangu. Wanawake niliokuwa nateka nao maji kisima kimoja wakaanza kuniamkia shikamoo, na wengine ni wakubwa kwangu. Niliitikia marahaba bila haya.

Lakini furaha ya motokaa ya namna ile inaisha polepole, na gharama zake hazina polepole. Kwanza ilijengewa banda la mabati, sisi tukiwa bado tunalala chini ya nyasi. Mvua ikinyesha, mimi nilipanga masufuria chini ya matone, na yeye alitoka na taa kwenda kuangalia kama motokaa haijalowa. Kisha ikaanza kuvunjika. Fundi wetu alikuwa Singasinga mmoja wa pale mjini, mtu mpole, ambaye alifungua boneti, akatazama, akatikisa kilemba. Kipuri kilitoka Uingereza kwa meli, kikaja kwa treni, na mara nyingi kilipofika kilikuwa si chenyewe.

Katika kusubiri, tulijitibu kienyeji. Tangi la petroli lilipovuja tuliziba kwa sabuni ya kufulia. Mpira ulipochoka kabisa tuliushindilia majani makavu, tukaenda hivyo hivyo kama watu waliopanda punda mwenye kilema. Mkanda wa feni ulikatwa kwenye ngozi ya ng'ombe, na ng'ombe wenyewe walilamba rangi ya milango mpaka ikapauka. Mume wangu akipata chochote cha maana mnadani, motokaa ilijua. Haikupita wiki ikalala njiani, na faida yake ikaenda kwa Singasinga.

Mimi ndiye niliyekuwa msukumaji. Nimesukuma nikiwa na mimba, nimesukuma nikiwa na mtoto mgongoni, nimesukuma nikiwa nimevaa gauni la harusi ya watu. Kwa kusikiliza mlio tu nikiwa nyuma nilijua kama itawaka au inatudanganya. Nilipomwomba anifundishe kuiendesha, alicheka.

"Mama watoto, hii imezoea mkono wangu," alisema. "Mkono mgeni itaukataa."

Sikusahau. Miaka ikaenda hivyo, minane au tisa, ndipo mama yangu alipoanza kupoteza macho.

Mama alikaa upande wa Mhunze, na tangu baba afariki aliishi na ng'ombe wake na wajukuu wawili watatu. Nilipokwenda kumwona wakati wa kuanza kupanda pamba nilimkuta anamimina maziwa pembeni ya kikombe, chini, na haoni. Macho yake yalikuwa na weupe katikati. Alinyanyua kikombe kitupu, akanipa, akasema, "Kunywa, ng'wana wane," yaani mwanangu. Nilikipokea, nikajifanya nakunywa.

Zahanati walimwambia ni mtoto wa jicho, na kwamba katika hospitali ya misheni, mwendo wa siku nzima kutoka kwake, kulikuwa na daktari anayeweza kuuondoa ugonjwa huo. Daktari huyo alikuwa karibu kuhama. Kama tungekosa mwezi ule, hakuna aliyejua kama atakuja mwingine, na mama alikuwa amebakiwa na mwanga kidogo tu wa kujua mchana na usiku. Lori lililopita kule lilikuja likipenda. Nikamwambia mama asihofu, motokaa ipo.

Mama akakataa.

Lazima nieleze. Kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawakai pamoja. Hawali pamoja, hawatazamani usoni, na wakikutana njiani mmoja anaingia porini mwenzake apite. Si ugomvi, ni heshima, na kadiri mnavyopendana ndivyo mnavyokimbiana zaidi. Mume wangu, mtu aliyeweza kubishana na bwana shauri wa serikali ya wakati ule mbele ya baraza zima, nilishamwona akijibanza nyuma ya zizi kwa sababu ya bibi mmoja mfupi aliyekuwa akipita na kapu la mtama. Miaka yote ile motokaa imepeleka watu harusini, misibani na zahanati, mama yangu hakuwahi kuikanyaga, kwa kuwa aliyeshika usukani alikuwa mkwe wake.

"Nikae ndani ya kile kichumba siku nzima na mkwe?" aliniuliza. "Afadhali nipofuke."

Nikasema tutatundika kanga katikati, yeye nyuma, mwenzake mbele.

"Na kile kioo chake cha kutazamia nyuma?"

Nikasema tutakigeuza.

"Na akikohoa? Na mimi nikikohoa?"

Nilirudi Shinyanga nikampelekea mume wangu habari, nikitumaini atasema tumlazimishe. Wapi! Alishusha pumzi kama mtu aliyeondolewa kifungo. Yeye naye usingizi ulikuwa haumjii kwa kuiwaza hiyo safari. Kisha akatoka, akaenda bandani, nikamsikia anafungua mlango wa motokaa na kuufunga, anafungua na kuufunga. Aliporudi alikuwa na ufunguo mkononi.

"Kesho asubuhi," alisema bila kunitazama, "twende mbugani nikufundishe."

Nilijifunza siku nne kwenye mbuga iliyokauka nje ya mji. Yeye alikaa pembeni ameshika mlango, na kila nilipobadilisha gia alifumba macho na kuguna kama aliyekanyagwa kidole. Siku ya pili aliniambia nina mkono mzito. Siku ya tatu aliniambia ninaikimbiza. Siku ya nne nilirudi nyuma mstari ulionyooka, jambo ambalo yeye mwenyewe alilijua kwa kubahatisha tu, naye akageukia dirisha njia yote ya kurudi nyumbani. Leseni niliipata baadaye. Safari ile ilifanyika kwa huruma ya Mungu tu.

Ikabaki swali moja: ikiharibika njiani, na itaharibika, nani ataitengeneza? Ndipo tulipoafikiana kwamba mume wangu atafuata nyuma kwa baiskeli, mbali vya kutosha mama asimsikie, na karibu vya kutosha aone moshi.

Mama aliposikia dereva ni mimi alikubali, na tukaondoka Mhunze alfajiri. Mama alikaa kiti cha mbele karibu yangu, amejifunika kanga, anapapasa zile mbao. Hatukufika mbali, rejeta ikachemka. Nikasimama, nikamshika mama mkono nikampeleka nyuma ya kichaka, nikapunga kitambaa. Mume wangu akaja akikanyaga baiskeli, akatia maji, akakaza kitu, akarudi alikotoka. Nikamtoa mama kichakani. Tukaenda. Mara ya pili ilikuwa mpira. Mara ya tatu sikumbuki, nadhani ulikuwa ule mkanda wa ngozi. Kila mara mama kichakani, mume kwenye motokaa, mume njiani, mama kwenye motokaa. Kufikia saa sita mchana tulikuwa tumeshazoea, na mama aliposikia tu injini inabadilisha sauti, alikuwa ameshashika kitasa cha mlango.

Mtoni ndipo tulipokwama kweli. Mto ulikuwa mkavu, lakini mchanga wake ulikuwa mwingi, na magurudumu ya nyuma yalizama mpaka katikati. Nikamficha mama, mume wangu akaja, akachimba, akaweka matawi, akasukuma. Motokaa haikusogea hata unyayo. Nikashuka tusukume wawili, lakini hapo usukani ukabaki bila mtu. Upande wa mashariki wingu lilikuwa limeshaanza kupanda, na sote tulijua mto ule ukija haubishi hodi. Hapakuwa na mtu mwingine wa kuitwa. Nilikaa mchangani nikalia kwa hasira, nikaitukana ile motokaa na Mzungu wake na ngozi yake ya viti.

Mama alinisikia toka kichakani.

"Mwambie mkwe wangu," alisema kwa sauti, ijapokuwa mwenyewe alikuwa hatua kumi tu na anasikia kila kitu, "kwamba mimi simwoni. Nikisukuma pembeni yake sitakuwa nimemwona. Tatizo ni macho yake."

Mume wangu alifuta mchanga mikononi. Kisha akavua tai yake, maana hata kwa baiskeli alisafiri na tai, akajifunga nayo machoni, akaibana kisogoni kwa mafundo mawili.

"Mwambie Mayu," alisema, kama sisi tunavyomwita mama, "mimi pia sioni."

Nilimleta mama nikaweka mikono yake kwenye bodi upande wa kushoto. Nilimgeuza mume wangu nikaweka mikono yake upande wa kulia. Nikaingia, nikawasha. Nilipopiga kelele "Haya!" wakasukuma, mwanamke mwenye macho meupe na mwanaume mwenye tai usoni, huku mimi, dereva wa siku tano, nikiachia klachi. Iliguna, ikazama, ikainuka, ikapanda ukingo wa pili kwa kishindo. Nyuma nilisikia wote wawili wameanguka. Na nikasikia mama anacheka, na mume wangu anacheka, wamelala mchangani kila mtu upande wake, hawathubutu kunyoosha mkono wasije wakagusana. Mimi ilibidi nirudi kwa miguu kumwinua mmoja mmoja.

Tulifika hospitali jua likizama. Daktari alimfanyia mama jicho moja, wiki iliyofuata la pili, akalazwa chali na bendeji, haruhusiwi hata kugeuza kichwa. Mume wangu alipata mahali pa kulala kwa wachuuzi wa ng'ombe waliokuwa jirani. Alisema anabaki kwa ajili ya mama mkwe wake, na kweli kila asubuhi alituma mtu kuuliza habari zake. Lakini kila asubuhi pia alikuwa nje ya uzio wa hospitali anaifuta ile motokaa.

Siku ya kuondoka mama alipewa miwani mizito ya duara, iliyomfanya aonekane kama mwalimu mkuu. Alitoka mlangoni, akasimama. Akaitazama motokaa kutoka pua hadi mkia, milango iliyolambwa, mpira uliofungwa kamba.

"Ndiyo hii?" aliniuliza. "Ndiyo hii mliyokuwa mnaisifu?"

Nikamwambia ndiyo hii. Akaguna, akapanda.

Tuliwahi kuuvuka mto kabla ya mvua kubwa, safari hii palepale penye matawi yetu. Nchi ilikuwa imeanza kuwa kijani. Niliona ng'ombe wazuri, nikaona pamba changa, nikaona wanawake na majembe wameinuka kututazama, na kila kitu nilimwonyesha mama. Nilipogeuka nilikuta hatazami dirishani kabisa. Alikuwa ananitazama mimi, miwani imenielekea, na machozi yanashuka chini ya vile vioo.

"Mayu, daktari alikukataza kulia," nilimwambia. "Tazama nje uione nchi."

"Nchi naijua," alisema. "Kumbe una mvi, ng'wana wane. Zimetoka lini, na mimi nilikuwa wapi?"

Nikaiweka motokaa kando ya njia, nikaizima, nikamgeukia ili anitazame vizuri, anitazame anavyotaka. Nyuma yetu mume wangu alikuwa anakuja mbio kwa baiskeli huku anapaza sauti akiuliza ni nini kimevunjika tena.